Rais Yule na Taarifa ya Mdogo Wangu

Mara ya kwanza nilipompeleka mdogo wangu kwenye kikao chetu Watanzania cha Jumamosi, pale Ilford, London, alinyang'anywa sukari. Alikuwa ameshakaa, ameshamiminiwa chai ya maziwa, anavuta bakuli taratibu kuelekea kwake, ndipo mwenyekiti wetu akaliondoa mbele yake kama unavyomwondolea mtoto kisu. Mwenyekiti wetu ni mama wa Moshi, muuguzi mstaafu, na akiamua jambo la afya ya mtu hakuna anayebishana naye.

"Wewe mama, hapana," alisema kwa upole. "Kaka yako ametuambia kila kitu. Chukua karanga."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari ya ukumbi kana kwamba nimeona inavuja.

Mdogo wangu hana kisukari na hajawahi kuwa nacho. Ana virusi vya Ukimwi. Ameishi navyo tangu nywele zangu zikiwa bado nyeusi, na anameza dawa kila siku kwa sababu ya uamuzi wa rais mmoja wa Marekani ambaye nilimchukia kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona kwenye televisheni. Kisukari nilimpa mimi. Miaka ile alipokonda baada ya mumewe kufariki, watu wetu wa London walikuwa wananiuliza kila Jumamosi anaumwa nini, nami nilitaka ugonjwa ambao ukiutaja watu hawashushi sauti. Nikachagua sukari kwa sababu kila mtu ana shangazi mwenye sukari. Wakamwombea. Wakanipa majina ya majani ya kuchemsha. Mmoja alinipa kipimo cha sukari nimtumie huko anakoishi, Tabora, nikamshukuru, nikakitia kabatini, na kipo mpaka leo ndani ya boksi lake.

Nieleze kuhusu yule rais, maana bila yeye habari hii haina mwanzo. Mwaka wa vita ya Iraki nilikuwa dereva wa basi. Nilikuwa na elimu yangu ya kidato cha nne na redio ndogo, na vitu hivyo viwili vilinitosha kujiona mchambuzi. Siku ya maandamano makubwa niliomba ruhusa kazini, nikachukua pande la boksi la televisheni, nikaandika bango kwa rangi ya mlango, nikatembea na umati mpaka Hyde Park kwenye baridi iliyonikausha midomo. Nilikuwa sahihi. Silaha walizosema zipo hazikuonekana, na watu waliokufa wamekufa. Hilo sijalijutia hata siku moja.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye kuwa sahihi. Mtu akishinda hoja moja kubwa hujiona ameshinda zote. Niliposoma, kwenye gazeti la bure lililoachwa kwenye kiti cha basi, kwamba rais huyo huyo ametangaza mpango mkubwa wa kupeleka dawa za Ukimwi Afrika, na nchi yetu imo, nilicheka peke yangu. Nikasema huyu anataka kununua makaburi kwa vidonge.

Baada ya muda mdogo wangu akanipigia simu. Kawaida mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia, kwa zile kadi za kukwangua tulizonunua madukani, kwa hiyo nilijua jambo ni zito.

"Kaka, wametuambia dawa zimekuja. Za bure. Naanza wiki ijayo."

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Hizo ni dawa za yule mtu. Anayeua kule hawezi kuponya huku. Subiri tuone zinawafanya nini wengine."

Mdogo wangu akasema, "Kaka, wewe umeshiba siasa. Mimi nina watoto." Akakata simu. Wiki iliyofuata akaanza dawa.

Kwa hiyo mdogo wangu yuko hai kwa sababu hakunisikiliza. Alirudi kufundisha darasa la tatu. Alinenepa mpaka akaanza kulalamika kuhusu magauni. Amelea watoto wake mpaka wakaanza kuota mvi, kama anavyosema mwenyewe, na sasa ana wajukuu wanaomfichia miwani. Mimi nikaendelea kumlaani yule rais kila Jumamosi pale ukumbini, nikinywa chai yenye sukari, na kila mtu akijua kwamba kuhusu mtu huyo mzee hana jema la kusema.

Mwaka huu watoto wake walichanga nauli aje anitembelee. Siku za mwanzo tulifanya yale wanayofanyiwa wageni: tulipanda treni ya Elizabeth mpaka mjini, alipigwa picha mbele ya kila kitu, alishangaa wajukuu zangu wanaosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Kisha kikaja kile kikao cha kunyang'anywa bakuli. Tuliporudi nyumbani alivua koti, akakaa jikoni, akamimina sukari kwenye kikombe mpaka kijiko kikasimama.

"Kaka, nina jambo moja tu. Sitaki kuondoka Ulaya na ugonjwa usio wangu."

"Watu wa huku huwajui, mdogo wangu. Wanaongea."

"Hata Tabora wanaongea. Mimi nimesimama kanisani nikasema. Nimewaambia wazazi wa wanafunzi wangu. Wewe ndiye uliyebaki unanificha, na mimi sijakuomba." Akakoroga. "Ulisema uongo kwa mdomo wako. Uondoe kwa mdomo wako, kabla sijapanda ndege. Usipoweza, niambie nijue kwamba kaka yangu bado ananionea aibu."

Nilimwambia nitaona. Ni jibu la mwoga, na aliliacha hivyo hivyo mezani.

Sasa, kikao chetu kina desturi. Mwisho wa kila mwezi, baada ya habari za misiba na harusi, tunafanya mdahalo kama tuliofanya sekondari. Kuna hoja, kuna mtetezi na mpingaji, kuna mwenyekiti, na kuna mzee wa Kihindi kutoka Kenton, mzaliwa wa Tabora mwenye Kiswahili safi kuliko changu, anayeshika saa na kengele. Taratibu tumezichukua bungeni. Msikilizaji yeyote anaweza kusimama na kusema "Taarifa!", akamwongezea msemaji jambo asilolijua au alilolisema vibaya. Mwenyekiti humgeukia msemaji na kumuuliza kama anaipokea taarifa hiyo. Lazima ajibu anaipokea au haipokei. Kunyamaza hakuruhusiwi. Tena upande hauchagui mwenyewe. Mnachukua karatasi kwenye kikombe, na mara nyingi mtu hujikuta anatetea jambo alilolipinga maisha yake yote. Ndiyo raha yenyewe.

Mwezi ule watu walikuwa wamechafukwa na habari kwamba serikali iliyoko sasa Washington inakata misaada ya dawa. Wazee wakaanza kusema kumbe yule wa vita alikuwa afadhali. Wengine wakasema thubutu. Mwenyekiti akapiga meza, akaandika hoja: Rais wa Marekani aliyeivamia Iraki ameiachia dunia mema kuliko mabaya. Kikombe kikazungushwa. Mpingaji akawa mtani wangu, Mzaramo wa Kisarawe. Mtetezi nikawa mimi.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtani wangu alikaa chini sakafuni na kanzu yake, akacheka.

Wiki ile nilisoma kama mtu wa mtihani. Mdogo wangu alinisaidia. Alinieleza jinsi kliniki yao ilivyokuwa kabla ya dawa, benchi lile la nje ambalo ukikaa Jumatatu na mwenzako, Jumatatu ya pili unakaa peke yako. Alinieleza pia hofu ya juzi juzi, walipofika wakakuta wahudumu wamepungua na hawaambiwi kwa uhakika dawa za mbele zitatoka wapi. "Mtu mmoja alitia saini tukaishi," alisema, "na mwingine anaweza kutia saini yake." Niliandika yote. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na mimi utanitaja?"

Nikamwambia mdahalo si mahali pake.

"Haya," akasema. "Nitakuja kusikiliza."

Kwa utaratibu wetu mpingaji ndiye huanza, kwa sababu wazee wanapenda kelele mapema. Mtani wangu alisimama, akarekebisha kofia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijaanza naomba mpagazi wangu aniletee maji."

Wazaramo wanatuita Wanyamwezi wapagazi wao tangu enzi za misafara, na kwa sheria za utani sina haki ya kukasirika. Nikampelekea maji.

"Mnamwona? Bado anajua kazi," akasema. "Siku ya maandamano nilikuwa na mtu huyu. Bango lake lilikuwa kubwa kuliko yeye, upepo ukawa unambeba. Leo anamtetea yule yule. Amehongwa nini? Karanga? Lakini tusishangae. Vijana wa Dar wanaiita Marekani Unyamwezini. Anatetea kwao!"

Walipomaliza kucheka akabadilika. Mtani wangu anaweza kufanya hivyo, kuzima kicheko kama taa. Alisimulia juu ya mtu wa Baghdad aliyefanya naye kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa mjini. Kila simu ilipoita kutoka kwao, yule bwana alitoka nje kwenye mapipa, na wao wakabaki wanakata vitunguu wakingoja kuona anarudi na uso gani. "Siku moja hakurudi kabisa," alisema. "Koti lake lilikaa msumarini mpaka meneja akalitupa. Mheshimiwa Mwenyekiti, mtetezi aje aniambie ni vidonge vingapi vinalipa koti lile." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi haraka.

Nikasimama mimi. Nilianza vizuri, kisha nikaanza kujisikia ninasoma gazeti. Nilisema mpango ulikuwa mkubwa. Nilisema hata waliompinga rais huyo kwao Marekani waliuunga mkono, na marais waliomfuata waliuendeleza kwa miaka mingi. Nilisema vita na dawa vilitoka kwenye ofisi moja, na mtu mzima anapaswa kuvitazama vyote viwili bila kufumba jicho moja. Yote yalikuwa kweli, lakini watu walikuwa wanatazama sahani za sambusa.

"Taarifa!" Mtani wangu alikuwa amesimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nampa taarifa msemaji kwamba anatuhubiria kuhusu watu wasio na sura. Mimi nimewaletea mtu niliyekata naye vitunguu. Yeye atutajie mmoja. Mmoja tu, aliyemwona kwa macho yake."

Hakujua alichokuwa anagusa. Kwake ulikuwa ujanja wa mdahalo. Mimi nilishika ukingo wa meza. Mdogo wangu alikuwa safu ya pili, amevaa kitenge cha bluu, mikono mapajani. Hakunikazia macho wala hakuyaondoa. Alikuwa ananingoja, kama anavyomngoja mtoto ubaoni ambaye anajua kabisa kwamba jibu analo.

Nilifungua mdomo nikasema, "Wapo wengi." Basi. Hilo tu ndilo lililotoka.

Ndipo akasimama.

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Mwenyekiti alisita kidogo, maana alikuwa mgeni, kisha akaitikia kwa kichwa. "Mgeni ana haki zote. Endelea, mama."

"Ahsante. Nampa taarifa msemaji kwamba mmoja anamjua vizuri sana, wamenyonya ziwa moja. Mimi naishi na virusi vya Ukimwi. Dawa ya kwanza niliyomeza ilitoka kwenye huo mpango anaoueleza kama taarifa ya habari. Nilikuwa nimebakiza kilo za mtoto wa shule. Watoto wangu walikuwa wameshaanza kugawana nani atakwenda kwa nani. Nilimeza, nikaamka, nikarudi darasani. Nawapa taarifa na ninyi mliopo kwamba sina sukari, sijawahi kuwa na sukari, na karanga zenu zimenichosha." Akashusha pumzi. "Ni hayo tu, Mwenyekiti."

Akabaki amesimama, kwa sababu utaratibu unasema mtoa taarifa hakai mpaka ajibiwe.

Mwenyekiti alinigeukia. Alikuwa muuguzi tena, si mwenyekiti, nikaona ameshaelewa yote, kisukari na miaka yake. Lakini aliuliza kama anavyouliza siku zote.

"Msemaji, unaipokea taarifa?"

Njia ya kutorokea ilikuwepo. Ningeweza kusema siipokei, mgeni amechanganyikiwa, nikamshika mkono tukatoka. Nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia, na nalikiri kwa sababu mzee asiyesema alivyokuwa mdogo hana haki ya kusimulia alivyokua.

"Naipokea," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Naipokea yote, Mheshimiwa Mwenyekiti. Huyu ni mdogo wangu. Kisukari nilikitunga mimi, kwa aibu ambayo yeye hakuwa nayo. Dawa zilipokuja nilimwambia azikatae kwa sababu nilimchukia aliyezileta. Angenisikiliza, leo ningekuwa nawaonyesha kaburi. Mtani ameniomba mtu mmoja mwenye sura. Mtazameni. Ndiye huyo, kwa kitenge cha bluu!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe, na sikuwahi kujua kwamba anaweza. Kikadakwa na akina mama wa nyuma, kikapanda mpaka madirishani. Watu walisimama. Mzee wa Kenton aligonga kengele yake, si kwa kunikatiza, bali aliigonga tu, tena na tena, kama mtu wa harusi. Mdogo wangu alisimama katikati ya kelele ile amenyoosha shingo, mrefu, mwalimu mbele ya darasa lililofaulu. Nimeishi London miaka mingi na nimeona wafalme wakipita barabarani kwa farasi. Sikuona aliyesimama vile.

Mtani wangu akapanda juu ya kiti.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti! Huyu mpagazi ametudanganya kuhusu mzigo aliobeba! Nimemwombea dada huyu sukari ishuke mpaka magoti yangu yameota sugu. Dua zangu zimekwenda kwenye ugonjwa usiokuwepo, nani atazirudisha? Natoza faini. Mwezi ujao apike pilau la ukumbi mzima, yeye mwenyewe, na mimi nikae nionje chumvi."

"Faini imepita," alisema mwenyekiti, anapangusa macho. "Na mimi naongeza, aoshe vyombo. Nimemnyima mgonjwa wangu sukari mwezi mzima!"

"Shemeji, karibu kwangu," mtani akamwambia mdogo wangu kutoka juu ya kiti. "Huyu kaka yako humwezi. Nitakuoa nikutoe utumwani."

"Nani aolewe na Mzaramo?" mdogo wangu akajibu papo hapo. "Nipike mimi, wewe uende ngomani?"

Hapo ndipo watu walipocheka kicheko chenyewe, na nikaelewa mtani wangu alichomfanyia. Huwezi kumtania mtu unayemwonea huruma.

Lakini mdahalo ni mdahalo, na kura lazima zipigwe. Mwenyekiti akasoma hoja upya. Wanaounga mkono wakanyoosha mikono, ikahesabiwa. Wanaopinga wakanyoosha. Nikaona mkono wa bluu juu, safu ya pili.

Nilishindwa kwa kura moja.

"Mdogo wangu!" nikasema mbele ya watu wote. "Hata wewe?"

"Umetetea vizuri, kaka. Lakini soma hoja. Inasema mema kuliko mabaya. Mimi nimepona kifo, namshukuru, na ningemwona ningemwambia ahsante uso kwa uso. Ila yule mwenye koti msumarini alikuwa na dada yake pia. Sitapiga kura kwa niaba yake."

Mtani wangu alishuka kwenye kiti, akaja, akampa mkono mdogo wangu kwa mikono miwili.

Nimebishana juu ya marais maisha yangu yote, kwenye mabasi, kwa vinyozi, ukumbini, na ndiyo mara pekee nilipenda kushindwa. Nilitoka nje kwenye ile barabara ya maduka nikiwa natembea kama kijana, na mdogo wangu kanishika kiwiko, anaimba kwa Kinyamwezi wimbo wa kuvuna tuliouimba tukiwa watoto. Watu walitupisha. Hatukujali.

Alibaki na siku chache kabla ya safari. Siku hizo simu ya nyumbani, ambayo kwa kawaida hupigwa na wauza bima, ililia asubuhi na jioni. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kikao, tunayemjua sote, aliyezungumza kwa sauti ya chini sana. Nikamuuliza hali, nikaanza kumweleza maoni yangu kuhusu kura zilivyokwenda.

"Sikukupigia wewe, mzee," akasema. "Nipe mwalimu. Na tafadhali ufunge mlango."

Nikampa simu mdogo wangu, nikafunga mlango, nikaenda kukaa sebuleni. Jioni ile alipiga mwingine, mwanamume. Na kesho yake wengine wawili. Sikuuliza wanataka nini, wala sikusikiliza; nilielewa tu kwamba kwenye kikao chetu virusi vile havikuwa vya mdogo wangu peke yake.